Kiamplifaya cha chumbani
Mwezi mzima nawaza: ninunue amplifaya gani ya kupigia gitaa chumbani hapa Chikongola, ambako ukuta wa jirani ndio ukuta wangu na kichanga chake kina miezi 3? Mpigaji mwenzangu mjini Mtwara alinishikia bango nichukue la taa, yaani la vali za kioo zinazowaka ndani, wati 50. La ukumbini hilo, jamani! Yale hunoga ukiyafungulia sauti, na mimi nitafungulia wapi?

Nikabaki na madogo mawili ya dijitali, yanayoigiza milio ya makubwa. Yamaha THR5 ina spika 2 lakini inakula betri 8. Roland Micro Cube GX ni wati 3, spika moja ya inchi 5, betri 6 zilezile ndogo za AA. Nikachukua Roland.

Jana saa 2 usiku umeme ukakatika. Nikapachika betri, nikazungusha kitufe hadi mlio safi, mwangwi kidogo tu, nikapiga sebene polepole gizani. Ule mlio wa kukwaruza sijaupenda, kama nyuki ndani ya kopo.

Asubuhi mama wa kile kichanga kanisimamisha kisimani: "Kaka, mbona jana hukumalizia?"