Shimo la Solling

Juzi binti yangu, akijiandaa kwa mtihani wa kemia, aliinua kichwa kutoka kwenye daftari akaniuliza, "Baba, mvua ya asidi bado ipo, au ilikuwa mambo ya zamani?" Kitabu chake kina picha ya miti iliyokauka vilele na aya moja kuhusu moshi wa viwanda vya Ulaya, basi. Nilimjibu kwamba kule ilikopigwa picha ile mvua hiyo imepungua sana, naye akaridhika, akafunua ukurasa mwingine. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea na kazi yangu, kwani mawazo yalikuwa yameshanipeleka Solling, milima yenye misitu huko Ujerumani.

Ulikuwa mwaka 1998, wakati wa masomo yangu ya Göttingen. Profesa Bernhard Ulrich na wenzake walikuwa wakipima mvua na udongo wa milima ile tangu miaka ya 1960, na hoja yake kwamba asidi ya angani huyeyusha alumini ardhini hata mizizi ikadhurika ilizua ubishi mkali, hasa Wajerumani walipoanza kuhofia kwamba misitu yao yote itakufa. Haikufa yote, na wapo waliocheka baadaye. Hata hivyo, hofu ile ilichangia kuzaliwa kwa kanuni ya 1983 iliyoibana mitambo mikubwa ya kuchoma makaa ya mawe, ikalazimika kuondoa salfa katika moshi wake.

Tulishuka kwenye gari tukiwa na fundi mmoja wa maabara, mzee aliyekaribia kustaafu, ambaye hakupoteza muda kwa maelezo. Alinipa mwiko mdogo akanielekeza niingie katika shimo lililochimbwa ili tabaka za udongo zionekane, katikati ya miti ya sprusi. Juu kabisa palikuwa na tabaka la sindano za miti zilizooza nusunusu, jeusi, laini kama godoro, lenye harufu ya uyoga. Chini yake udongo uliopauka, kisha wa kahawia, na mawe mekundu ya mchanga yakichungulia. Nilikwangua ukuta taratibu kama alivyoniagiza, na ndipo nikaona alichotaka nikione. Mizizi midogo ilikuwa imesongamana yote katika lile tabaka la juu, na kadiri nilivyoshuka ilizidi kuwa haba, mifupi, yenye ncha za kahawia zilizodumaa. Mzee alitia chembe za udongo kwenye kisahani cheupe cha kauri, akadondoshea kiashiria, dawa inayobadili rangi kulingana na asidi, akakitikisa kisahani mkononi. Rangi ilikuja nyekundu. "Chini ya 4," alisema, akimaanisha pH, kipimo ambacho kadiri kilivyo chini ndivyo asidi ilivyo kali, akakifuta kisahani kwa kidole gumba.

Nilitaka kumwambia kwamba udongo wenye asidi si mgeni kwangu. Sisi tuliosomea Morogoro tumeushika wa Uluguru na wa Usambara, ambao mvua ya maelfu ya miaka imeusomba madini yake. Tofauti ni kwamba asidi ya kwetu ilikuja polepole bila bomba la moshi, wakati hii ya Solling ilikuwa imeharakishwa katika umri wa watu wachache tu.

Kisha alinipeleka kwenye mapaa. Chini ya matawi ya sprusi walikuwa wamejenga paa angavu la plastiki. Maji ya mvua yaliyotua juu yake yalikusanywa, yakaondolewa asidi na sehemu kubwa ya nitrojeni, yakanyunyiziwa msitu uleule, ili ionekane udongo ungefanya nini endapo hewa ingerudi kuwa kama ya kabla ya viwanda. Nitreti, chumvi ya nitrojeni, ilishuka upesi katika maji ya udongo. Salfeti, chumvi itokanayo na salfa ya moshi, haikuwa na haraka. Kwa miongo mingi ilikuwa imejishikiza kwenye madini ya chuma na alumini, na sasa, mvua ilipokuwa safi, ilianza kuachia kidogokidogo, na kila ilipotiririka iliondoka na alumini, kalsiamu na magnesiamu. Nilipomuuliza mzee itaendelea hivyo hadi lini, alicheka, akaniambia yeye atakuwa ameshazikwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Tangu 1990 Ujerumani imepunguza dioksidi ya salfa inayotoka nchini kwa zaidi ya asilimia 90. Nitrojeni ya magari na ya mifugo haikushuka kwa kasi hiyo. Vichujio vya moshi navyo vilizuia vumbi lenye kalsiamu, ambalo lilikuwa likiipunguza asidi kidogo, jambo ambalo wasifiaji wa vichujio hawapendi kulitaja. Chokaa yenye magnesiamu, takriban tani 3 kwa hekta, imemwagwa kwa helikopta katika misitu mingi. Hutibu tabaka la juu, lakini kushuka chini huchukua miaka mingi.

Siku hizi, nikiitwa kwenye vikao vya mazingira, hakosekani ofisa wa kuuliza ardhi itapona baada ya miaka mingapi kiwanda kikifungwa vichujio. Naanza na jibu la hewa, kwa sababu ni fupi na wanalipenda. La udongo nalichelewesha hadi baada ya chai, na hata hapo huishia kuomba fedha za kuchimba shimo.