Pikapu ya dizeli inatoa moshi mweupe? Usikimbilie kufungua hedi

Jamani hapa Tanga naona watu wanaumizwa sana na hili jambo, pikapu ikitoa moshi mweupe tu mtu anaambiwa gasketi ya hedi (inayoziba chini ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini) imekufa, hedi ishuke, na kumbe tatizo ni nozeli (zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini). Inaniuma kweli kwa sababu kushusha hedi ni hela nyingi.

Cha kwanza nusa. Moshi wa dizeli isiyoungua unawasha macho, unanuka mafuta mabichi na unaning'inia hewani. Mvuke wa maji unapotea haraka, na ule wa kulendi (maji ya kupozea injini) una kaharufu ka utamu, hapo ndo uanze kuifikiria hedi. Halafu angalia rejeta asubuhi injini ikiwa imepoa (ikiwa ya moto usifungue kabisa, utaungua), kama maji yanapungua na huoni yanakovujia, au ukiwasha yanatoa mapovu yasiyoisha, basi gasketi au hedi yenyewe ina ufa.

Kama maji yako sawa rudi kwenye mafuta. Moshi wa asubuhi tu unaoisha injini ikipata joto, hasa ukilala kwenye baridi ya Lushoto, mara nyingi ni hita plagi (zinazopasha silinda joto wakati wa kuwasha). Ukiendelea hata injini ikiwa ya moto, nozeli zipelekwe zikapimwe kwenye mashine, taimingi ya pampu (wakati inapopiga dizeli) iangaliwe, kompresheni (mgandamizo wa hewa) ipimwe silinda moja moja. Fundi asiyetaka kupima kompresheni, mimi simpi gari afungue.