Skima ya bomba na henzirani

Jumapili, usiku

Povu limepanda kwenye skima yangu, kifaa nilichojitengenezea cha kuengua uchafu kwenye tangi la maji ya bahari kwa viputo vya hewa. Kwa siku kadhaa bomba lake lilitoa viputo vitupu vilivyopasuka mara tu vilipofika juu, nami sikuwa na wasiwasi, kwa sababu plastiki mpya huhitaji muda wa kulowa na kupata utando wake kabla povu halijakubali kusimama. Leo jioni nimefungua kikombe cha kupokea povu nikakuta kiasi cha kijiko kimoja cha maji mazito, rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea, harufu yake ile ya ufukweni maji yanapokupwa na mwani ukabaki juani. Jana uchafu huo wote ulikuwa ndani ya tangi na maji yalionekana safi kabisa.

Tangi langu ni la lita 40 na liko Morogoro, karibu kilomita 200 kutoka baharini. Maji yake huja kwa basi, ndani ya madumu. Mdogo wangu huyachota upande wa Kigamboni maji yakiwa yamejaa, na tumekubaliana asichote wakati wa masika, maana mvua kubwa hupunguza chumvi ya maji ya karibu na pwani na mito hushusha tope. Bagamoyo tuliiacha kwa sababu hiyohiyo. Mto Ruvu unamwagia huko, na Ruvu unaanzia kwenye milima hii ya Uluguru ninayoiona nikifungua dirisha. Udongo unaomomonyoka huku juu ndio unaochafua maji ya kule chini. Kila ninapofungua dumu nalikumbuka jambo hilo, na kila mara linaniuma.

Wapo wafugaji wa samaki wa baharini wanaosema tangi dogo kiasi hiki halihitaji skima: badilisha sehemu ya kumi ya maji kila wiki, inatosha. Kwa mtu anayekaa Mbezi au Nyali, ambaye anaweza kushuka ufukweni na ndoo, nakubaliana nao. Kwangu kila lita ina nauli yake. Nilitaka kitu cha kuyafanya maji niliyonayo yadumu, na skima za dukani, hata zile ndogo, ni za kuagiza nje kwa bei inayozidi tangi lenyewe na vyote vilivyomo.

Kinachofanyika ndani ya bomba kinanivutia kuliko kitu kingine chochote katika shughuli hii. Mabaki ya chakula, kinyesi na ute huyeyuka majini. Molekuli nyingi za protini zina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia. Kiputo cha hewa kikipita karibu, upande ule unaoyakimbia maji hujishika kwenye hewa, na molekuli nzima hupanda nacho. Viputo vikiwa vingi na vidogo, vya milimita moja au chini ya hapo, kunakuwa na nafasi kubwa ya kujishika, na juu povu linasimama imara. Chumvi nayo inasaidia: huzuia viputo vidogo visiungane. Kwenye maji ya mtoni huungana upesi, vikawa vikubwa, vikapanda mbio bila kubeba kitu cha maana, ndiyo maana skima ndogo ya aina hii haifai kwa tangi la perege.

Aliyekulia pwani amekwishaliona jambo hili wakati wa kusi, bahari inapochafuka na povu zito la manjano likabaki mchangani. Mawimbi yanachanganya hewa na maji, vilivyoyeyuka vinapanda juu, upepo unavisukuma nchi kavu. Bahari inajiengua. Tangi la sebuleni halina wimbi wala ufukwe, na kila kinachoingia humo kinabaki humo mpaka mtu akitoe. Sponji ya chujio hushika uchafu, lakini uchafu huo unaendelea kukaa ndani ya maji yaleyale, bakteria wanauozesha, unakuwa amonia, kisha nitriti, kisha nitrati. Skima huutoa nje kabla haujaoza. Hilo ndilo lililonifanya niache kuiona kama anasa.

Muundo niliofuata ni wa zamani, ule wa kusukumwa na hewa tu ambao Wajerumani walikuwa wakiutumia tangu miaka ya 1960. Mwili ni kipande cha bomba la PVC la inchi 2, kinasimama kwenye kona ya tangi. Chini nimekiziba kwa kifuniko. Karibu na usawa wa maji nimekata mianya kwa msumeno wa chuma na kuilainisha kwa msasa. Maji ya tangi yanaingilia hapo. Chini kabisa, pembeni, inatoka elbo, yaani kiungo cha kona, ya nusu inchi yenye bomba jembamba linalopanda hadi juu, na ndani ya bomba hilo nimepitisha mpira mdogo wa hewa. Hewa inafanya maji ya bomba jembamba kuwa mepesi, yanapanda, yanamwagika tangini, na yanavuta mengine kutoka chini ya mwili. Kwa hiyo ndani ya mwili maji yanashuka huku viputo vikipanda, vinakutana njiani, na uchafu unapata muda mrefu wa kunaswa.

Viputo vyenyewe vinatoka kwenye henzirani. Jiwe la hewa la kawaida hutoa viputo vikubwa mno. Vitabu vinataja mti wa kizungu ambao hapa sijawahi kuuona ukiuzwa, lakini henzirani ina vitundu vyembamba vinavyopita kwa urefu wake wote, na kulikuwa na kiti kibovu uani. Kipande kifupi kimechomekwa kwenye mpira, ncha ikakatwa vizuri kwa wembe. Nilipowasha pampu, maji ndani ya bomba yaligeuka meupe, huwezi kutambua kiputo kimoja kimoja. Najua kitaziba baada ya wiki chache na nimeshakata vingine vya akiba.

Juu kuna shingo ya chupa ya maji ya kunywa, imegeuzwa faneli, na kikombe cha plastiki chenye kifuniko kinachopokea povu. Shingo haikugundishwa, inapanda na kushuka. Ikishuka sana, kikombe kinajaa maji mepesi yasiyo na uchafu wowote. Ikipanda sana, povu linakauka njiani na kuganda kwenye kuta. Mahali pake ni pale povu linapopanda taratibu na kuporomoka lenyewe, na mahali hapo panahama kila maji ya tangi yanapopungua kwa jua. Nimechora mstari kwenye kioo, na asubuhi naongeza maji matamu yaliyochujwa mpaka mstarini. Chumvi haipai na mvuke, hivyo kinachopungua ni maji tu.

Mawili matatu kwa atakayetaka kujaribu. Usiweke kiungo chochote cha shaba, hata kama fundi bomba atakuambia kinadumu zaidi, kwa sababu shaba kidogo tu majini inaua kamba na kaa. Gundi ya mabomba iache ikauke vizuri, kisha loweka kifaa kizima na kukisuuza. Pampu ya hewa ikae juu kuliko usawa wa maji; umeme ukikatika, na unakatika, maji yanaweza kurudi kwenye mpira yakaingia kwenye pampu na baadaye sakafuni. Na ukishalisha, usishangae povu kuanguka. Mafuta ya chakula yanalivunja, hata mafuta ya mkono. Baada ya muda linarudi.

Ndani ya tangi mnaishi kaa wachache wadogo wanaohamahama kwenye makombe ya konokono na kamba mmoja mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni. Mawe ni matumbawe makavu ya kale, yaliyochimbwa nchi kavu, si ya kung'oa kwenye mwamba ulio hai. Kamba huyo juzi amejivua gamba, likabaki zima juu ya jiwe na sharubu zake zote, na mwenyewe akajificha mpaka jipya likakaza. Leo ametoka. Anasimama chini ya bomba jembamba, pale maji yanapomwagika, anapunga miguu.

Nilimpigia mdogo wangu kumweleza habari ya kikombe. Alifurahi, akauliza, "Dada, sasa nikuletee na samaki?" Nimemwambia hapana. Skima imepatikana kwa ajili ya hawa waliopo, na lita 40 ni zilezile. Aniletee dumu moja bamvua ijayo, badala ya mawili.