Keki chini mkaa, juu chaki: nilivyoitengeneza oveni yangu

Nianze na fundi, maana hasira zangu ziko hapo. Alikuja na begi kubwa, akasikiliza nusu ya maelezo yangu, akatamka, "Dada, hiyo ni themostati tu." Akabadilisha hicho kidude cha kudhibiti joto, akachukua elfu sitini pamoja na hela ya bodaboda, akaenda zake. Jioni ileile nikaoka keki ya oda. Chini imeungua, juu nyeupe pe, na upande wa mbele kulia ukichoma kijiti kinatoka na uji. Yaani vilevile kama jana yake.

Ushauri nilishaupata wa kila aina. Jirani mmoja alisema baking poda yangu imekufa. Mwingine, niongeze moto. Nikapandisha hadi nyuzi 200, kumbe nawahisha mkaa tu. Wa tatu akaniambia nitandike foili kwenye sakafu ya oveni izuie moto wa chini. Ile foili ilishikana na enameli, nikaikwangua hadi kucha zikaniuma, na kovu lake lipo mpaka leo. Msitandike foili chini ya oveni jamani. Aliyesema "nunua mpya" sikumjibu.

Aliyenifumbua ni bibi yangu mzaa mama, aliyekuja kutoka Unguja kutibiwa macho. Nilimpelekea kipande na chai. Akakigeuzageuza, akapitisha kidole juu yake, akaniuliza, "Mjukuu wangu, mkate wa kumimina huu umeupika bila kuupalia?"

Mkate wa kumimina, ule wa mchele wa kwao Unguja, unaupika kwa moto wa chini kwanza, halafu unapalia makaa juu ya mfuniko. Usipopalia, chini unaiva na uso unabaki umepauka. Nikacheka, nikamwambia bibi hiyo ni keki, tena ya oveni ya umeme.

"Haya, na hiyo oveni yako makaa yake ya juu yako wapi?"

Nikaenda jikoni nikiwa sicheki tena. Nikawasha moto wa juu peke yake, nikazima taa, nikachuchumaa. Dakika tano, dakika kumi. Koili ya juu, ule waya mnene unaotoa moto, inatakiwa iwe nyekundu; yangu nyeusi tii. Miezi minne nainama kuchungulia keki, sijawahi hata siku moja kuinua macho nitazame dari ya oveni!

Safari hii sikutaka kubahatisha. Nikachukua mkate wa slesi, nikazipanga kumi na mbili kwenye wavu mpaka ukajaa, nyuzi 180, oveni ikiwa imeshashika moto, dakika kumi. Nikazitoa bila kuvuruga mpangilio, nikaziweka mezani. Zilikuwa ramani kabisa. Chini kahawia, juu nyeupe, hilo nililitegemea. Lakini pembe ya mbele kulia slesi mbili zilikuwa laini chini na juu kana kwamba zimetoka dukani sasa hivi. Kumbe maradhi mawili, na themostati haimo. Watoto wakainywea chai ramani yangu.

Koili nilibadilisha mwenyewe, na nitajisifu. Nilizima meini swichi (kuzima kitufe cha jiko peke yake hakutoshi), nikafungua skrubu mbili za nyuma, nikavuta. Koili inakuja na nyaya zake mbili. Nilipochomoa waya wa kwanza, ukarudi tunduni shwaa, ukapotelea nyuma ya bati. Saa nzima nauvua kwa kibanio cha nywele huku nimeingiza kichwa ndani ya oveni, mtoto ananiuliza mama unaiva? Wa pili niliubana kwa kibanio cha kuanikia nguo kabla sijauchomoa. Ungenitoroka wapi?

Kariakoo nilikwenda na koili yangu mkononi, maana ukieleza kwa mdomo utapewa ya jiko lingine. Kijana wa dukani akaipima kwa mita, mshale haukutikisika, yaani imekatika ndani na umeme haupiti. Mpya ya wati 1,200 ikasoma omu 44 (kipimo cha ukinzani wa umeme), yaani nzima. Ilikuwa elfu ishirini na kitu, baada ya kuvutana.

Ile pembe nayo nilitumia kipande cha gazeti. Unakibana kwenye mlango, unafunga, unakivuta. Pembe tatu kiling'ang'ania. Moja ya upande wa kulia kilitoka chenyewe, hakuna kinachokishika. Raba ya mlango ilikuwa imechomoka kwenye ndoano yake na kujaa mafuta yaliyoganda, joto linavujia hapo. Nikaitoa, nikaiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikairudisha. Bure kabisa.

Halafu acheni kuoka kwenye sinia linalogusa kuta za oveni. Hewa ya moto itapandia wapi?

Kona ya nyuma kushoto bado inawahi kidogo, kwa hiyo keki ya dakika 40 naigeuza ikifika 25 hivi. Ukifungua mapema inabonyea katikati.

Juzi nikammiminia bibi mkate wake humo humo ndani, nikawasha moto wa juu mwishoni. Ukatoka na uso wa dhahabu. Akaonja, akatafuna taratibu.

"Umepaliwa vizuri," akasema. "Ila haunukii makaa."