Mvinyo wa Nanasi na Pasheni, Barabara ya Gulu

Teksi ya Luwero, kaskazini mwa Kampala nchini Uganda, tuliipanda Kampala alfajiri, kwa kuwa mvinyo mweupe wa nanasi hutengenezwa kabla jua halijapanda. Kawempe na Matugga tulizipita gizani. Kulipambazuka tukiwa Bombo, mji wa kambi ya jeshi na wa Wanubi, ambako ukiomba chai kwa Kiswahili hakuna anayegeuka kukutazama. Baada ya Wobulenzi, marundo ya mananasi yalianza kuonekana kando ya lami.

Shamba ni la familia moja, na tulimkuta mama akichambua mavuno. Huchukua nanasi lililogeuka manjano nusu hadi theluthi mbili. Likiiva kupita hapo ukali hupungua, na bila ukali mvinyo mweupe hupooza mdomoni hata ukiwa baridi. Lenye harufu ya siki hulitupa mbali kabisa na mapipa.

Wamenyaji huvaa glavu, maana kimeng'enya cha nanasi huchubua vidole. Maganda yote hutolewa, kwani ndiyo yanayobeba hamira za mwituni na bakteria. Kilo 200 za mananasi huwapa takriban lita 100 za juisi. Humo hutia gramu 10 za metabisalfaiti ya potasiamu, dawa ya kuzuia hamira hizo na bakteria, hufunika kwa kitambaa, kisha husubiri saa 24. Anayeharakisha huidhoofisha hamira anayoitia mwenyewe.

Juisi ilisoma digrii 13 za Brix, kipimo cha sukari. Ili ifike 21, kiwango kinachotoa kileo cha asilimia 12 hivi, waliongeza kilo 10 na ushei za sukari nyeupe. Ya kahawia huacha rangi na ladha ya molasi. Hamira ya mvinyo, gramu 25, waliiamsha kwa dakika 20 katika maji ya nyuzi 35 hadi 38. Ya mkate nayo huchachusha, ila hukawia kutua chini na ladha yake hubaki kwenye glasi.

Adui mkubwa hapa ni joto. Mchana wa Luwero mara nyingi hupita nyuzi 27, na juisi inayochacha huzalisha joto lake yenyewe. Ikikaribia 30, kazi huisha kwa siku chache na harufu ya nanasi hutoka pamoja na gesi. Familia hii haina mtambo wa kupoza. Pipa limesimamishwa ndani ya beseni pana la maji ya kisima na kuvikwa gunia ambalo pindo lake limezama majini. Maji hupanda guniani, upepo huyakausha, pipa hupoa. Kibanda kimeezekwa nyasi na hakina kuta, na hilo ni la makusudi: pasipo upepo gunia halisaidii kitu. Kipimajoto kilisoma 21. Kwa hali hiyo uchachu huenda wiki mbili hadi tatu, na harufu hubaki.

Pasheni huchachushwa peke yake. Mbegu zisipondwe, huleta uchungu. Juisi huchujwa na kuongezwa maji kiasi sawa, kwani ukali wake mtupu huilemea hamira. Ingetiwa mbichi kwenye mvinyo uliokwisha kukauka, yaani uliomaliza sukari, sukari yake ingeamsha uchachu upya, na chupa zingepasuka.

Kuchanganya ndiko kulikonifurahisha zaidi. Walipanga glasi za mililita 100 za mvinyo wa nanasi, wakatia mililita 5, 8 na 12 za pasheni. Ya 5 haikubadili kitu, ya 12 ilimeza nanasi lote, ya 8 ilisimama wima. Mchanganyiko hupumzika wiki kadhaa, kwa kuwa ukungu, yaani hali ya kutong'aa, huweza kujitokeza upya, kisha huhamishwa kwa mpira bila kugusa mashapo. Pipa hujazwa hadi shingoni ili hewa isipate nafasi.

Kurudi Kampala tulingoja jioni. Kwenye Hiace usikubali kondakta aweke katoni karibu na viti vya mbele. Injini iko chini yake, na joto la saa mbili linatosha kuuharibu mvinyo. Tulizipakata chupa zikiwa zimefungwa kwa leso yenye maji. Zinywewe kwa nyuzi 8 hadi 10, pamoja na ngege (samaki aina ya tilapia) wa kukaanga, na iliyofunguliwa imalizwe ndani ya siku mbili.