Bluu Haikai kwenye Mninga

Mpiga besi wa kwaya moja hapa Mwanza ni kijana mpole, ila kwenye rangi ni mbishi balaa. Kanionyesha kwenye simu gitaa la besi la Marekani: bluu iliyokolea pembeni, ikipauka kuelekea katikati, na mawimbi ya mbao yanaonekana chini yake. "Fundi, nataka hili hili."

Lile ni la mepo, mti wa kwao wenye mbao nyeupe. Bluu ukiipaka pale inabaki bluu. Mimi mezani nina mninga, na mninga una wekundu wake wa kuzaliwa. Nikampakia bluu kwenye kipande cha mabaki, ikatoka rangi ya maji ya mtaro baada ya mvua. Akaangalia weee, akasema, "Labda ukiongeza?" Nikaongeza. Ikazidi kuharibika.

Ubao wenyewe ni wa bahati. Mninga wenye mawimbi haupatikani kila siku. Unapekua rundo zima kwa muuza mbao, unalowesha hapa na pale kwa kidole, ndipo unauona. Nyuzinyuzi za mti zimekua kwa kupindapinda, kwa hiyo randa ikipita inazikata kwa ubavu sehemu moja, sehemu nyingine inakata vichwa vyake. Za ubavu zinang'aa, za vichwa zinafifia. Ukiinamisha gitaa kidogo, zinabadilishana. Ufunike hicho kwa rangi ya kuziba? Mimi siwezi.

Basi tukakubaliana: rangi nyeusi iliyoyeyushwa kwa spiriti kwanza, ubao mzima. Hatua hii mteja asiione, atalia. Vichwa vya nyuzinyuzi vinainywa rangi kwa kina zaidi, kwingine inabaki juujuu. Ikikauka napiga msasa namba 220 taratibu mpaka wekundu urudi, na weusi ubaki kwenye mawimbi tu. Pembeni sikukwangua sana, kwa hiyo kule kiza kimezidi.

Kupuliza klia, ile vanishi angavu ya mwisho, nampa fundi wa rangi za magari, Nyakato. Sioni haya: hata kampuni ya Fender, iliyotoa besi ya Precision mwaka 1951, ilikuja kutumia rangi za magari za DuPont. Shida yetu ni ziwa. Hewa ikiwa na unyevu, thina inaporuka inaupoza uso wa gitaa, unyevu unatua pale pale, na klia inaota ukungu mweupe. Tunasubiri jua likaushe hewa. Halafu kuna wale vijidudu vya ziwani, wingu zima, hasa mwezi unapoandama. Wakifuata taa wakakuta klia mbichi, kazi imekwisha. Kwa hiyo baada ya magharibi hapulizi mtu.

Ubao wa vidole ni mpingo, haupakwi kitu. Una mafuta yake, na ni mzito kiasi cha kuzama majini.

Bluu yake nimeipeleka kwenye kichwa cha gitaa, rangi nzito juu ya praima nyeupe, isibishane na mbao. Karidhika. Sasa anauliza kama funguo za kukazia nyuzi zinaweza kuwa za rangi ya dhahabu. Nimemwambia hiyo ni bei nyingine.