Antena ya mita 40 kwa udongo wa Dodoma

Leseni ya redio ya ridhaa (ya wapenzi wa mawasiliano, si ya biashara) hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na alama za wito za Tanzania huanza na 5H. Kanuni za kimataifa ziliacha kulazimisha mtihani wa Morse mwaka 2003. Tangu 2017 FT8, njia ya kutuma ujumbe mfupi kwa kompyuta na redio, inawafikisha watu mbali kwa wati chache.

Antena ni ileile ya zamani: dipole, waya wenye pande mbili sawa unaolishwa katikati. Mita 40 ni jina la bendi ya karibu 7 MHz, si urefu wa waya. Gawa 143 kwa 7.1 MHz: mita 20.14, yaani 10.07 kila upande. Kata mita 10.3 kila upande, kisha punguza sentimita tano tano pande zote mbili. SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) ikiwa nzuri zaidi chini ya 7.1 MHz, waya bado ni mrefu.

Antena ya kusimama ardhini bila nyaya zilizotandazwa chini usihangaike nayo: udongo mkavu wa hapa hula nguvu. Desemba mvua zikianza, chomoa kebo kabla ya radi.